Chokaa ya Husuni

Kuna ukuta Kilwa Kisiwani wenye lipu mbili. Ya chini ni ya kale, imepauka na kuingia nyufa nyembamba, lakini ukiikwaruza kwa ukucha haitoki. Ya juu ni kiraka cha saruji cha miaka ya karibuni. Kiraka kimebanduka, na hakikubanduka peke yake: kimeondoka na uso wa jiwe lililokaa hapo kwa karne kadhaa.

Tulikuwa marafiki tuliotoka Dar es Salaam kwenda kutazama ngome na makasri. Tulikata kibali Kilwa Masoko, tukapanda mashua, tukashuka na chupa zetu za maji na simu za kupigia picha. Mmoja wetu ni mkandarasi, mtu anayekula kwa saruji, na ndiye aliyegoma kuondoka mbele ya ukuta ule. Mimi naye. Wenzetu walitutangulia Msikiti Mkuu wakatuacha tukibishana kwa nini kigumu kimeshindwa pale ambapo kilaini kinaendelea kushika.

Historia ya Kilwa wengi tumeisoma shuleni, sitairefusha. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa. Mreno akaja mwaka 1505, akajenga ngome, akaiacha mwaka 1512. Gereza tunaloliona leo ufukweni ni kazi ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye. UNESCO iliyaingiza magofu haya pamoja na ya Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayatoa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Ukarabati huo ulihitaji chokaa, na chokaa ilihitaji watu wanaojua kuichoma.

Tulimkuta mmoja wao amekaa kivulini. Ni mzee wa kisiwani, ameshika mwiko tangu ujana wake, na aliniomba nisimwandike jina. Tulipomwamkia aliitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akamgeukia mkandarasi wetu, kwa kuwa alishamsikia akilalamika.

"Nyumba unayojenga wewe unaipa miaka mingapi?"

"Hamsini, mzee."

Mzee aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa taarifa ya msiba.

Akaanza kutueleza kazi yake, na hapo ndipo siku yetu ya matembezi ilipogeuka darasa. Magogo hupangwa mviringo, tabaka juu ya tabaka, katikati ukiachwa mwanya unaoshuka hadi chini. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto hautiwi pembeni, hushushwa katika ule mwanya ili uanzie moyoni mwa tanuu na kutambaa kwenda nje. "Ukiwasha pembeni umepoteza kuni," alisema. "Tanuu litaanguka upande mmoja, na nusu ya mawe utayakuta mabichi." Upepo nao una neno lake. Fundi anayejua kazi hutazama bahari kwanza, kisha ndiyo atafute kiberiti.

Asubuhi magogo yamekwisha, mawe yameshuka kwenye majivu, meupe na mepesi. Ukilinyunyizia maji jiwe la namna hiyo linatoa mvuke, linapasuka na kuwa unga. Mzee hupenda kuliacha rundo la chokaa hiyo wazi lipigwe na umande na mvua, miezi na miezi. "Chokaa ya leo huipigi leo. Ina moto ndani. Ukiipiga ina moto, itakufurukuta ukutani."

Sehemu iliyonishika zaidi ni hii inayofuata. Chokaa ikishapigwa haikauki tu kama tope. Inavuta hewa, na polepole inarudi kuwa jiwe la asili ileile iliyotoka baharini. Wanakemia wana maelezo yao kuhusu kaboni kutoka na kurudi. Mzee ana yake: "Unaliua jiwe kwa moto, unalifufua kwa hewa."

Na kiraka cha saruji? Kuta za matumbawe zina matundu. Zinanyonya maji ya mvua na ya ardhini, na maji hayo yana chumvi. Chokaa inayaachia yatoke. Saruji inayazuia, kwa hiyo chumvi inagandia nyuma yake, inavimba, inausukuma uso wa jiwe mpaka unameguka. Mkandarasi alisikiliza yote, akauliza swali la kitaaluma kuhusu uwiano wa mchanga, akajibiwa. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na la kuongeza.

Mchana, mzee akiwa nasi, tulipita Makutani, kasri la karne ya 18 lililokua juu ya nyumba ya karne ya 15, halafu tukaenda mashariki mpaka kasri la Husuni Kubwa. Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, ua wa biashara, ua wa baraza, na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyelifukua, aliona kwamba huenda halikumalizika kamwe. Jirani yake ni Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye minara, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana lilikuwa la kazi gani.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo. Aliusifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake, kisha akaandika kwamba majengo yake ni ya mbao. Mbao! Na Husuni ya mawe je, hakuiona? Wapo wanaodhani maandishi yaliharibika yakinakiliwa. Mzee wetu alipoambiwa alisema huenda mgeni alilala kwa maskini.

Kwenye birika la pembe nane mzee alishuka, akapitisha kiganja ukutani. Nilimuuliza nani alilijaza maji, kwa mitungi mingapi, juu ya genge lile. "Sultani hakuyabeba," alisema, akanyamaza. Katika vitabu nilivyosoma kuhusu kasri hili, sultani ana jina na sarafu zake zina jina. Mojawapo ilikutwa hata Great Zimbabwe. Waliochoma chokaa na waliobeba maji hawamo.

Yapo pia yanayonisumbua upande wa pili. Tanuu moja linakula magogo mengi. Matumbawe hai ni nyumba ya samaki, na kuyavunja ni kosa. Mikoko nayo inalindwa, tena imepandwa ufukweni ili ipunguze nguvu ya mawimbi yaliyokwisha kula sehemu ya Gereza. Mzee anasema hutumia mawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, na miti ya shambani iliyozeeka. Inatosha kwa viraka. Itatosha kwa kuta zote za Kisiwani, na Songo Mnara, na Bagamoyo, na Pangani? Nilimuuliza. Aliniuliza mimi.

Vijana waliowahi kumsaidia kazini, kwa maelezo yake, wengi wamehamia kwenye bodaboda na uvuvi, kwa sababu kazi ya chokaa huja mradi ukija na huisha mradi ukiisha. Hawalaumu. Hata yeye siku nyingine huitwa Masoko kujenga kwa saruji, na huenda.

Kama una nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, Kivinje au Mikindani au popote pwani, na lipu imeanza kudondoka, usikimbilie mfuko wa saruji. Ulizia kwanza mtaani fundi wa chokaa, na umlipe vizuri kiasi cha kumtia kijana hamu ya kumbebea mwiko.