Kipaji cha Hesabu Kisipotee Kambini

Jioni, baada ya kazi, katika kambi za askari na polisi mjini Kampala, tangu Naguru na Nsambya hata Mbuya, si ajabu kukuta ubao wa mweso umewekwa kivulini na watu wameuzunguka. Ubao huo una mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari ni yule awezaye, kabla ya kugusa kete hata moja, kuona mzunguko wake utaishia shimo gani na kete ngapi za mwenzake zitatekwa. Mara nyingine hutokea mtoto wa miaka kumi, aliyesimama pembeni bila kuitwa, akalitaja shimo hilo kabla ya wazee kulitambua. Wazee hucheka, kisha humfukuza akachote maji.

Mtoto huyo hakubahatisha. Alifuata kanuni hatua kwa hatua kichwani mwake, akashika hesabu ya kila shimo, akafikia jawabu. Uwezo huo ndio unaotakiwa na elimu ya kuandika programu za kompyuta. Suala linalofaa kupimwa na kila mzazi aliyevaa sare ni hili: je, taifa litawatambua watoto wa namna hiyo, au litaendelea kuwatuma kisimani?

Kwanza yafaa kueleza programu ni kitu gani. Kompyuta ni mtumishi mwepesi sana, lakini hana akili yake mwenyewe. Hutenda aliloamriwa, kwa mpangilio ulioamriwa, wala hakisii nia ya mwenye kuamuru. Askari ataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengi, maana amelijua tangu siku ya kwanza ya gwaride. Sajini akisema "Mbele tembea" na asitoe amri ya kusimama, kikosi kitakwenda mpaka ukutani. Kosa halitakuwa la kikosi. Programu ni orodha ya amri za namna hiyo, na mwandishi wake ndiye sajini.

Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, alishirikiana na wenzake kutunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Lugha hiyo iliitwa Logo. Mtoto alimwamuru kobe wa mashine atembee na kugeuka, na kobe akachora njia aliyopita. Kwa mfano: mbele hatua 10, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Kobe huchora mraba na kurejea alipoanzia.

Hapo ndipo hisabati inapoingia. Mtoto akiambiwa achore pembetatu yenye pande sawa, hukumbuka alivyofundishwa kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60. Basi humwamuru kobe ageuke nyuzi 60, na kwa mshangao wake pembetatu haipatikani. Akiendelea, anapata umbo lenye pande sita. Mtoto wa kawaida hukasirika akaacha. Mwenye kipaji hutaka kujua sababu, na asipozuiwa ataipata: anayetembea kulizunguka umbo lolote la namna hiyo hadi kurudi alipoanzia hugeuka nyuzi 360 kwa jumla. Zikigawanywa kwa pande tatu, kila kona yahitaji kugeuka nyuzi 120. Nyuzi 60 ni pembe ya ndani, bali mtembeaji hugeuka kwa pembe ya nje. Mtoto aliyeligundua hilo mwenyewe hatalisahau, naye atakuwa amejifunza jambo kubwa zaidi, yaani kutafuta kosa katika amri zake badala ya kumlaumu mtumishi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni michezo ya watoto, wala hayahusu ulinzi wa nchi. Historia yawajibu. Mwaka 1929 jeshi la Poland, likiona kwamba siri za simu za Ujerumani hazifunguliki kwa mbinu za zamani, lilikwenda katika Chuo Kikuu cha Poznań, likawachagua wanafunzi wa hisabati waliojua Kijerumani na kuwafundisha elimu ya maandishi ya siri. Watatu kati yao, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, waliajiriwa na idara ya siri ya jeshi hilo. Mwishoni mwa mwaka 1932 Rejewski alitambua kwa hesabu jinsi mashine ya Kijerumani iitwayo Enigma ilivyoundwa ndani, ingawa hakuwa nayo mkononi. Mwezi Julai 1939, majuma machache kabla ya vita, Poland iliwakabidhi Waingereza na Wafaransa maarifa hayo. Vijana hao watatu wasingepatikana kama jeshi lisingetoka kambini kwenda kuwatafuta.

Nchini Uganda haja hiyo imekwisha bisha hodi. Fedha husafirishwa kwa simu tangu mwaka 2009, na tangu mwaka 2011 iko sheria dhidi ya matumizi mabaya ya kompyuta. Mwizi wa leo aweza kuiba bila kuvunja mlango, na mpelelezi asiyejua programu atafika mahali pa tukio asione hata unyayo.

Uganda si ngeni katika jitihada za kufundisha hisabati kwa njia mpya. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikusanyika Entebbe kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika. Vitabu hivyo vilijulikana katika nchi nyingi kwa jina la Entebbe, lakini matunda yake hayakulingana na matumaini. Hisabati mpya ya miaka ile ilifika madarasani kabla walimu wengi hawajaandaliwa, na wazazi hawakuweza kuwasaidia watoto wao. Kenya iliiacha rasmi mwaka 1981. Funzo lake ni wazi: kitabu kizuri, kama ilivyo kompyuta nzuri, hakifundishi peke yake. Mwalimu atangulie, kifaa kifuate.

Yapo pia ya kutia moyo. Mwaka 2012 vijana wa Uganda walishiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi, yaliyofanyika Argentina. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeiweka elimu ya kompyuta miongoni mwa masomo ya kuchagua. Hata hivyo, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hupima hesabu zilizofundishwa. Haupimi shauku ya kutafuta hesabu ambazo hazijafundishwa. Srinivasa Ramanujan, mtoto wa karani maskini wa India, alipoteza msaada wa masomo chuoni kwa sababu alishindwa masomo yasiyo hisabati. Mwaka 1913 barua yake ilimfikia Profesa Hardy wa Cambridge, na dunia ikamjua. Bila barua hiyo angalizeeka akiandika hesabu za bandari ya Madras.

Mtoto wa askari anakabiliwa na tatizo la ziada. Baba huhamishwa leo Kampala, kesho Gulu, na kila uhamisho humleta mtoto mbele ya mwalimu asiyemjua. Msichana naye hutazamiwa jikoni kuliko ubaoni, kana kwamba kipaji huchagua jinsia.

Dawa haianzi kwa fedha nyingi. Mwalimu mwenye chaki na uwanja aweza kufundisha msingi wa programu bila umeme: mtoto mmoja awe sajini, mwingine awe kobe, na makosa ya amri yaonekane mchangani. Wote wafundishwe pamoja, maana kipaji hakitambuliki kabla ya kupewa nafasi. Watakaoonyesha kiu zaidi waongezewe maswali magumu na muda wa kompyuta pale ilipo. Mzazi anapohamishwa, achukue barua ya mwalimu inayoeleza alichofikia mwanawe, kama achukuavyo barua ya uhamisho wake mwenyewe.

Samaki mkunje angali mbichi. Askari hulinda mipaka, madaraja na maghala ya nchi usiku na mchana. Akili ya mtoto aliyesimama kando ya mweso ni mali ya taifa vilevile, wala hailindwi kwa bunduki. Jioni ya leo atakapolitaja shimo kabla ya wazee, asifukuzwe. Aulizwe: umejuaje?