Kaveera ya Kisugu na Boti ya Ggaba

Mvua kubwa ikinyesha Kisugu, mtaa wa Kampala, maji hayakai. Yanateremka kwa kasi kupitia Namuwongo, yanaingia mfereji wa Nakivubo, yanavuka kinamasi na kumwagika katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, upande wa Luzira. Njiani yanabeba chupa, kandambili zilizokatika na, zaidi ya yote, kaveera, ule mfuko mwepesi wa plastiki ambao serikali ya Uganda imeupiga marufuku zaidi ya mara moja na bado muuza nyanya anakufungia mzigo wako ndani yake. Mfuko huo ukifika mahali pabaya, kuna mwenye boti atakayekwenda kudai fidia ya bima, na huenda asilipwe.

Mashine ya boti, ile inayofungwa kwenye tezi, haina rejeta kama ya gari. Inapozwa na maji ya ziwa lenyewe. Chini, karibu na pangaboi, kuna matundu madogo yenye wavu. Maji hufyonzwa hapo na pampu yenye gurudumu dogo la mpira, hupandishwa kuzunguka silinda, kisha hutolewa nje. Sehemu yake hutoka kwa kijitundu cha pembeni, mchirizi mwembamba unaoruka nyuma ya boti. Nahodha mzoefu huutupia jicho kila baada ya muda mfupi huku akiendelea na mazungumzo yake. Mchirizi ukiwa na nguvu, hana wasiwasi. Ukififia au ukikatika, anazima mashine mara moja, anaiinua na kutazama matundu. Asipofanya hivyo, gurudumu la mpira linazunguka kavu, linasuguana na ukuta wa pampu mpaka linachanika, silinda zinachemka, na mashine inakufa katikati ya maji. Gugumaji, ambalo liko Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hufanya kazi hiyohiyo ya kuziba, ila gugumaji huonekana kwa mbali. Kaveera huelea chini kidogo ya uso wa maji, na hakuna anayeiona.

Hapo hasara ingeishia kwenye bei ya kipuri, kama boti iliyozimikiwa ingeendelea kuyatazama mawimbi. Haiendelei. Upepo unaigeuza ubavu, mawimbi yanaruka juu ya ukingo, na maji yanajikusanya ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Sasa tatizo la mashine limekuwa tatizo la mizani.

Chombo huelea wima kwa sababu kinapolala upande mmoja, sehemu kubwa zaidi ya upande ule huzama, na maji hukisukuma juu kwa nguvu zaidi hapohapo, kikarudi. Lakini kinarudi iwapo tu uzito wake uko chini vya kutosha. Ukirundika magunia juu ya magunia na abiria juu ya magunia, kitovu cha uzito kinapanda, kama mkungu wa matoke uliofungwa juu mno kwenye baiskeli, na unafika wakati ambapo msukumo wa maji, badala ya kukisimamisha chombo, unakimalizia kukipindua. Maji ya ngamani ni mabaya kuliko gunia la uzito uleule. Gunia likifungwa vizuri hutulia ulipoliweka, ila maji hukimbilia upande unaolala na kuuongezea mzigo wakati mbaya kabisa. Ndiyo maana mtu wa kufua maji hafai kuwa abiria aliyeombwa kusaidia mambo yakishaharibika. Apewe kazi hiyo kabla ya kung'oa nanga.

Mifano tunayo, na inauma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakafa. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, MV Templar ilizama na watu waliokuwa kwenye starehe, karibu na mwambao wa Mukono, Uganda. Zaidi ya 30 walikufa, na serikali ilisema chombo hakikuwa na leseni. Tarehe 2 Agosti 2023, boti iliyotoka Kalangala kuelekea Kasenyi ikiwa na watu 34, mkaa na vyakula ilizama, ikaua 20. Polisi walitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa.

Kuhusu hewa, ziwa letu lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, na pepo za kutoka pande zote za ufuo zinakutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu haina pa kwenda ila juu, na radi zinazaliwa. Kwa hiyo dhoruba kali za katikati ya ziwa hupenda usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako kazini na boti za abiria zinawahi soko. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba dhoruba hizo zinatarajiwa kuzidi makali kadiri dunia inavyopata joto. Anga safi ya saa tatu usiku pale mwaloni Ggaba haikuhakikishii chochote kuhusu saa kumi alfajiri.

Bima inaingia wapi? Wengi hudhani ukishalipa ada, kila hasara ni ya kampuni. Sheria ya Bima za Majini ya Uganda ya mwaka 2002 inafuata kwa karibu ile ya Uingereza ya 1906, na zote mbili hazina huruma hapo: kuchakaa kwa kawaida hakulipwi, na mwenye chombo akikipeleka majini huku akijua hakifai, hasara iliyotokana na ubovu huo ni yake. Gurudumu la mpira lililozeeka ni la kwako wewe.

Ukali huo una historia. Katika karne ya 19 baadhi ya matajiri wa meli Uingereza walikata bima kubwa kuliko thamani ya meli, wakazipakia kupita kiasi, na zikizama hawakupoteza kitu. Waliopoteza ni mabaharia. Mbunge Samuel Plimsoll alipiga kelele mpaka ikatungwa sheria ya 1876 ya kuchora mstari wa upakiaji ubavuni mwa meli, ambao ukizama mzigo umezidi. Sheria ile haikusema mstari uchorwe wapi, basi wenye meli wakauchora walipotaka, na ikachukua hadi 1890 kuziba mwanya huo. Kwangu mimi rangi ya kopo moja kwenye ubavu wa boti ya mbao, ikichorwa na mkaguzi badala ya mwenye boti, ingeokoa watu wengi kuliko mabango yote yaliyobandikwa mwaloni.

Tahadhari nyingine ni za kawaida: fungua kifuniko cha ngama ili mvuke wa petroli utoke kabla ya kuwasha, maana ni mzito kuliko hewa na hujificha humo, na funga mashine kwa mnyororo, kwani wezi wa mashine hawalali.

Mwenye boti, badilisha gurudumu la mpira kabla halijachoka, kalafati mbao kila msimu, tunza risiti na picha za kila tengenezo. Hizo ndizo zitakazokutetea mbele ya mkadiriaji wa hasara. Nawe abiria, kabla ya kutoa nauli, mwambie nahodha awashe mashine. Usipouona mchirizi wa maji, au ukiona ukingo umekaribia maji, shuka usubiri boti nyingine.