Mwili ukisema, "Nimechoka"

Mama, unatoka shamba na kitunga cha muhogo mgongoni, kamba katika paji la uso, mtoto kifuani. Magoti yanatetemeka, kichwa kinazunguka, nawe unasema, "Bado sijatwanga." Sikiliza, mwili unakuita. Tua mzigo, kaa kivulini, kunywa maji safi, kula, ulale mapema. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kupumzika si uvivu. Eliya alipochoka hata akatamani kufa, alipata kwanza usingizi, mkate na maji, ndipo akaendelea na safari (1 Wafalme 19). Lakini ukipumzika na uchovu usiishe, au una homa, au pumzi inakatika, au ndani ya kope ni peupe, usingoje: njoo hospitalini upimwe damu. Nawe baba, leo beba kuni wewe.