Likasi: Shaba inaondoka Panda, lakini mchoro wa saketi unaweza kufanyika hapa hapa

Ukifungua redio iliyokufa au simu iliyoanguka majini, ndani utakuta kibao chembamba, mara nyingi cha kijani, chenye njia ndogo ndogo zinazopita huku na huko. Njia hizo ni shaba. Kwa wakaaji wa Panda, moja ya tarafa nne za mji wa Likasi, hayo si madini ya kigeni. Union Minière ilikuwa na viwanda hapo tangu miaka ya 1920, na kule Shituru shaba ilianza kusafishwa kwa umeme mwaka 1929. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997.

Lakini shaba yetu huondoka ikiwa mabamba mazito, kisha hurudi ndani ya vyombo tunavyonunua kwa dola. Kujenga kiwanda cha vibao kunahitaji mtaji mkubwa. Kuchora njia za shaba, hapana: kompyuta ya kawaida na akili ya fundi vinatosha.

Programu mojawapo ya kazi hiyo ni KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras. Ni ya bure, inapatikana kwa Kifaransa, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Fundi huanza kwa kuchora mpango: kipi kinaungana na kipi. Kisha humpa kila kipuri umbo lake halisi, maana tundu za miguu yake lazima zilingane na kipuri alichonacho mkononi. Miguu ya vipuri vingi hupishana kwa milimita 2,54. Baada ya hapo hupanga vipuri na kuchora njia. Mwishoni programu hukagua kama njia zimegusana au kama kuna uzi uliosahauliwa.

Programu haimfikirii fundi kila kitu. Tuchukue kifaa cha kuongoza umeme wa sola kwenda kwenye batri, kitu kinachotafutwa sana SNEL inapokata umeme. Shaba ya kibao cha kawaida ina unene wa milimita 0,035 tu. Njia ya kupitisha ampea 1 inatosha ikiwa na upana wa milimita 0,3 hivi. Kwa ampea 10 inahitaji karibu milimita 7. Ukiichora nyembamba, itapata moto na kuungua, na huenda batri ikaharibika pia.

Asiye na kiwanda hutumia printa ya lezeri, karatasi laini na pasi. Wino hushikamana na shaba, kisha kibao huloweshwa katika perkloruri ya chuma, dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa. Makosa mawili huharibu kazi nyingi. La kwanza ni kuchapisha bila kuweka kipimo cha asilimia 100: miguu ya vipuri haitaingia. La pili ni kugeuza mchoro vibaya. Weka herufi chache upande wa shaba: kwenye karatasi zisomeke kinyume, ndipo kwenye shaba zisomeke sawa. Kabla ya kupiga pasi, weka kipuri juu ya karatasi ulinganishe miguu. Karatasi ni rahisi kurudia, kibao hapana.

Dawa hiyo inachoma macho na kuchafua nguo. Ikishatumika imebeba shaba, na ni sumu kwa samaki. Ihifadhiwe katika chupa ya plastiki yenye alama, mbali na watoto. Isimwagwe mtoni wala kwenye mfereji: maji ya Likasi yamekwisha kubeba mzigo wa kutosha.

Anayetaka vibao vingi anaweza kutuma faili za mchoro huo huo kwenye kiwanda cha ng'ambo. Shaba inahitaji lori na treni ili itoke Likasi. Mchoro unatoka kwa simu, na aliyeuchora anabaki na ujuzi wake Panda.