Upole wa Koala na Hadhari ya Kumshika

Katika misitu ya mikaratusi iliyo mashariki mwa Australia hukaa koala, mnyama ambaye uso wake wa mviringo, pua yake pana nyeusi na masikio yake yenye manyoya huwavuta watu mpaka wakatamani kumpakata kama mtoto mchanga. Naye si dubu, kama wengi wanavyodhani, bali ni wa jamii ya wanyama waleao wana wao mfukoni, mfano wa kangaruu.

Utulivu wake ndio uwahadaao watazamaji. Majani ya mkaratusi, ambayo ndiyo takriban chakula chake chote, yana lishe haba na sumu nyingi. Na japokuwa Muumba amemjaalia utumbo wa kuyachachusha taratibu, wenye urefu wa mita 2 hivi, nguvu azipatazo ni kidogo mno, hata hana budi kuziwekea akiba kwa kulala saa 18 mpaka 20 kila siku. Basi mtu amwonaye amejikunyata juu ya tawi asidhani kuwa amekwisha fugika, kwani kila anapofadhaishwa hutumia nguvu asizoweza kuzirudisha kwa wepesi, na fadhaa yake aghalabu haina kelele.

Wala hakukosa silaha. Kucha zake, zilizoumbwa kwa kuparamia magome laini, ni kali na zimepinda, na meno yake ya mbele huweza kumjeruhi mtu vibaya. Dume, hasa katika msimu wa kupandana, hunguruma usiku kwa sauti nzito isiyolingana kabisa na umbo lake, hupaka mashina harufu itokayo katika tezi ya kifuani, na akikutana na dume mwenziwe humng'ata bila ya huruma.

Mnamo mwaka 1927 serikali ya Queensland iliruhusu koala wawindwe katika mwezi wa Agosti, wakauawa zaidi ya nusu milioni kwa ajili ya ngozi zao. Mwaka huo huo, mjini Brisbane, ilianzishwa hifadhi ya Lone Pine, ambayo kwa miaka mingi iliwapa wageni koala wawapakate na kupigwa picha, hata ilipofika 2024 ikaiacha desturi hiyo. Jimbo la New South Wales lilikuwa limekwisha ikataza zamani, nami naona hukumu hiyo ni ya insafu; kwani tangu 2022 koala wa majimbo hayo mawili wamehesabiwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Kwa hiyo msafiri atakayemkuta koala chini, ameungua kwa moto wa msitu au amegongwa na motokaa, asimkamate kwa mikono mitupu, wala asimmiminie kinywani maji ya chupa, maana yakiingia mapafuni huweza kumwua; bali amwekee bakuli la maji karibu, awazuie mbwa, kisha awaite upesi waokoaji wa wanyama wenye ujuzi wa kazi hiyo.