Kabla Hujalipia Kozi ya Media Mpya

Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huanza kuhangaika na vyuo. Mwaka jana jirani yangu, mama mwenye genge la mboga, alinijia jioni akiwa na fomu tatu za kujiunga. Binti yake anataka kusomea mitandao ya kijamii na namna inavyobadilisha maisha ya watu. Tulizitandaza fomu mezani, tukapiga hesabu. Naiweka hapa, njia moja moja, kwa faida ya wengine.

Shahada ya mawasiliano ya umma, miaka 3. Inatolewa na Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe, Mwanza, miongoni mwa vyuo vingine. Ukisoma fomu, usiishie kwenye mstari wa ada. Chini yake kuna bima ya afya, tozo ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kitambulisho na mchango wa serikali ya wanafunzi. Laptop na bando havimo kwenye fomu, ila bila hivyo fani hii haisomeki.

Nguvu ya njia hii ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Lakini mkopo ni deni. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 600,000, ni 90,000 kila mwezi. Nafuu iliyopo ni kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021.

Cheti, kisha stashahada. Aliyemaliza kidato cha nne huanza na cheti cha mwaka 1, halafu stashahada ya miaka 2. Hakikisha chuo kimesajiliwa na baraza linalosimamia elimu ya ufundi, NACTVET, tena kwa kozi hiyo hiyo unayoilipia. Na usiishie kwenye cheti: kanuni za mwaka 2017 za Sheria ya Huduma za Habari ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Kuhusu mkopo, stashahada hupewa kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka husika kabla hujautegemea.

Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani. Kinamfaa aliye kazini, maana haachi mshahara wala hahamii mji wa kupanga chumba. Gharama yake ni usiku na wikiendi, na asiyejisimamia hukaa miaka mingi bila kuhitimu.

Kozi za bure mtandaoni. Knight Center ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, hutoa kozi za uandishi wa habari bila ada. Cha kusoma pia kipo: UCL Press ya London ilitoa mwaka 2016 kitabu How the World Changed Social Media, nacho hupakuliwa bure. Kimetokana na kazi ya watafiti tisa, kila mmoja akiishi miezi 15 na jamii aliyoichunguza. Unalipia bando tu, ila mara nyingi lugha ni Kiingereza, na kozi hizi hazikupi stashahada wala shahada.

Zipo pia kozi fupi za wiki chache mitaani. Nyingi hufundisha kubonyeza: kuhariri video, kulipia tangazo, kukuza ukurasa. Programu ikibadilika, ulichokilipia kimepitwa.

Elimu yenyewe iko kwingine. Chukua kundi la WhatsApp la kikoba cha akina mama. Asubuhi linakumbusha marejesho, mchana linachangisha msiba, usiku inaingia sauti isiyo na mwenyewe ikisema benki fulani inafilisika, na kesho yake watu wanatoa pesa. Nani aliituma? Kwa nini waliiamini sauti kuliko tangazo la benki? Nani aliyenyamaza, na kwa nini? Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kukaa na maswali hayo, kuhoji watu kwa heshima, kuchambua alichokipata na kuijua Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hicho kinastahili jasho la mzazi.

Kwa hiyo, uamuzi wangu: mwenye sifa na mkopo asome shahada chuo kinachofanya utafiti, wa kidato cha nne aende hadi stashahada, mfanyakazi aingie Huria. Wote waongezee kozi za bure. Kozi fupi iwe ya mwisho.

Mama wa genge alirudisha bila kuijaza fomu moja kati ya tatu, ile ambayo haikuonyesha somo hata moja la utafiti. Nawe fanya hivyo: omba orodha ya masomo kwanza, ada ifuate.