Vyeti vya Usalama vya Bure na Vivinjari: Nani Humdhamini Nani?

Utangulizi

Majarida ya vyama vya Kiswahili vyuoni yanazidi kuhamia kwenye tovuti. Jambo hili ni la heri, kwani msomaji aliyeko Lamu au Lodwar huweza kusoma toleo jipya siku ile ile linapotoka. Hata hivyo, tovuti isiyo na cheti cha usalama hutiwa doa mlangoni. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome humwonya msomaji kwamba tovuti ya aina hiyo si salama. Mhariri asiye na fedha za kununua cheti hujiuliza: je, cheti cha bure kitafaa, au ni yale yale ya rahisi kuwa ghali? Makala haya yanashikilia kwamba bei si hoja. Hoja ni kama kivinjari kilichomo mkononi mwa msomaji kinamtambua aliyekitoa cheti hicho.

Kazi ya cheti

Cheti cha usalama kina kazi mbili. Kwanza, huthibitisha kwamba seva inayomjibu msomaji ndiyo yenye anwani aliyoiandika. Pili, huwezesha mawasiliano kufichwa kwa ufunguo wa siri ili nywila na majina yasisomwe njiani. Ufichaji huo hauongezeki nguvu kwa sababu ya malipo. Baadhi ya vyeti vya kulipia huthibitisha pia jina la kampuni au taasisi, ilhali vile vya bure huthibitisha umiliki wa anwani pekee. Kwa hivyo, alama ya usalama haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Neno kivinjari linatokana na kitenzi vinjari, yaani kuzunguka huku na huku kwa kuchunguza. Uchunguzi huo hufanywa kwa kutumia orodha ya vyeti shina ambavyo waundaji wa kivinjari au wa rununu wamevikubali. Shina hulidhamini tawi, nalo tawi huidhamini tovuti. Ni kama mwajiri anayepokea cheti cha mtihani: kabla ya kuzitazama alama, hutaka kujua ni baraza gani lililokitoa. Asipolitambua baraza hilo, alama nzuri hazitamfaa mwombaji kitu.

Historia fupi

Jamii ya CAcert, iliyosajiliwa Australia mwaka 2003, ilitoa vyeti vya bure kwa moyo wa kujitolea. Shina lake halikuingizwa katika orodha za vivinjari vikuu, na wasomaji wa tovuti zilizotumia vyeti hivyo walikabiliwa na onyo. StartCom ya Israeli nayo ilitoa vyeti vya bure na ikatambuliwa. Lakini mwaka 2016 Mozilla, Apple na Google zilitangaza kuiondolea imani baada ya ukiukaji wa kanuni kugunduliwa katika kampuni ya WoSign ya Uchina, iliyokuwa imeinunua. Mwanzoni mwa 2018 StartCom iliacha kutoa vyeti. Historia hii inatufunza kwamba kutambuliwa hakuletwi na nia njema peke yake, na kwamba aliyetambuliwa jana huweza kukataliwa leo.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Let's Encrypt, unaoendeshwa na Internet Security Research Group, shirika la Marekani lisilotafuta faida. Shina lake, ISRG Root X1, lilikuwa changa na halikujulikana. Kijana aendapo kuposa hutanguliza mzee anayefahamika. Ndivyo ulivyofanya mradi huu: uliomba udhamini wa IdenTrust, kampuni ambayo shina lake la DST Root CA X3 lilikuwamo tayari katika vivinjari vingi. Kufikia 2018, shina la kijana lilikuwa limekubaliwa na orodha zote kuu.

Mkasa wa rununu kongwe

Vyeti shina navyo hufikia ukomo. Cha mzee kiliisha tarehe 30 Septemba 2021. Kwa rununu mpya hapakuwa na tatizo. Rununu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1, hata hivyo, hazikuwa na shina la kijana, na nyingi hazikuwa zikipokea tena masasisho. Mnamo Novemba 2020 Let's Encrypt ilieleza kwamba takriban asilimia 34 ya rununu za Android zilikuwa chini ya toleo la 7.1. Wenye rununu hizo walishauriwa kutumia Firefox, kwa kuwa kivinjari hicho hubeba orodha yake chenyewe.

Baadaye IdenTrust ilikubali kutoa udhamini kwa miaka mitatu zaidi. Hili liliwezekana kwa sababu Android haikagui tarehe ya mwisho ya cheti shina. Udhamini huo nao ulikoma tarehe 30 Septemba 2024. Tangu hapo, msomaji mwenye rununu kongwe huweza kukuta onyo pale ambapo mwenzake hupita bila kizuizi.

Mambo ya kuzingatia

Mhariri anayechagua cheti cha bure hana budi kuzingatia mambo manne. Mosi, aijaribu tovuti kwa rununu za wasomaji wake, hasa zile kuukuu, wala asitosheke na tarakilishi ya ofisini. Pili, aweke kwenye seva cheti cha tovuti pamoja na cha tawi. Cha tawi kikikosekana, baadhi ya vivinjari hukitafuta vyenyewe na vingine hushindwa, hivi kwamba mhariri huona mambo ni shwari huku msomaji akifukuzwa. Tatu, ahakikishe cheti kinajihuisha chenyewe. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90 tu, na tangu Juni 2025 mradi huo hautumi tena barua pepe za kukumbusha. Nne, msomaji akilalamika, aulizwe kwanza kuhusu tarehe ya rununu yake, kwani tarehe isiyo sahihi hufanya cheti kizima kionekane kimekufa.

Hitimisho

Cheti cha bure kinafaa, mradi anayekitoa anatambulika kwa wasomaji tulio nao. Iwapo wengi wao wanatumia rununu kongwe, ni heri kutafuta mtoaji mwenye shina la zamani zaidi, hata kama ni kwa malipo. Jambo tusilopaswa kulifanya ni kuwaambia wasomaji walipuuze onyo na kuendelea. Msomaji aliyezoezwa kupuuza onyo katika jarida letu atalipuuza pia siku atakapokuwa akiandika nywila ya benki mbele ya mwizi.